Mgongo wa Metre Mazutu

Kamina haikumwita Seneta hata siku moja. Kinshasa walimwita Mheshimiwa, walimfungulia milango ya magari na kumbebea begi, lakini akishuka tu kwenye uwanja wa ndege wa hapa kwetu, mama wa kwanza anayeuza mikate alipaza sauti: "Metre Mazutu njo uyu!" yaani ndiye huyu. Naye alicheka mpaka magego yakaonekana. Metre ni jina tunalowapa mawakili, na mazutu ni mafuta ya dizeli. Alikuwa yote mawili kabla hajawa seneta, na kwetu alibaki yote mawili mpaka mwisho. Juma lililopita aliletwa kwa ndege, safari hii akiwa ndani ya sanduku, na yule mama wa mikate alishindwa kupaza sauti. Alisimama na beseni lake kichwani, akasema polepole, "Metre njo uyu," kisha akalia. Nami nililia. Mimi ni wakili miaka mingi sasa, nimeona wanaume wakihukumiwa na wake zao wakianguka chini mahakamani, na huwa ninajikaza. Siku ile sikujikaza hata kidogo.

Kilio kiliwekwa kwenye kiwanja cha depo yake ya mafuta, karibu na stesheni ya reli, kwa sababu nyumbani kwake watu wasingeenea. Maturubai yalifungwa juu, mapipa matupu yakalazwa chini yakawa viti, na harufu ya mazutu ilitushika puani sote, maaskofu na wauza muhogo. Nilikuwa nimekaa hapo na kikombe cha chai niliposikia vijana wawili nyuma yangu. "Mama Numbi atakuya?" aliuliza mmoja. "Atakuya." "Akikuya, atamuangalia ku uso?" "Muntu amekufa, bukwe njo imeisha." "Aka! Bukwe haiishi vile." Niligeuka nikawatazama. Walikuwa watoto wa simu na suruali za kubana, na nilishangaa kwamba hata wao wanajua. Lakini wangekosaje kujua? Mji mzima ulijua habari ya Metre na mama-mkwe wake, Mama Numbi. Mimi nilijua zaidi kidogo, kwa kuwa mwaka mmoja mzima nilisimama katikati yao.

Kwa msomaji asiye wa kwetu, nieleze. Kwa Baluba, mwanamume hamtazami mama-mkwe wake usoni, hali naye, hatamki jina lake, na wakikutana njiani mmoja anaiacha njia. Si chuki. Ni heshima iliyo kubwa hata inabidi ikae mbali. Heshima hiyo ndiyo bukwe, nayo ina mwisho wake mzuri: siku moja mama-mkwe anapika kuku na bukari, ugali wetu, anamtumia mkwe wake, mkwe anakula, anarudisha sahani pamoja na zawadi, na tangu siku hiyo wanaweza kusalimiana na kukaa sebule moja. Familia nyingi za mjini humaliza jambo hilo mapema, hata mwaka wa kwanza wa ndoa. Metre na Mama Numbi hawakulimaliza, na kilichowazuia kilikuwa mkono.

Mama Numbi alikuwa mkuu wa shule ya wasichana ya Wametodisti. Mimi mwenyewe alinifundisha kusoma, na fimbo yake niliionja kwa kusema "iko" darasani mahali pa "ni". Kwake bukwe ilikuwa mambo ya zamani, pamoja na kupiga magoti na kupiga makofi mbele ya wakubwa. Siku ya ndoa ya binti yake Beatrisi, mbele ya mchungaji, paroko na wageni wote, alimwendea bwana harusi akamnyooshea mkono, kama watu wanavyosalimiana siku hizi. Bwana harusi, kijana Mkatoliki wa kijijini, wakili mpya, akageuka. Alimpa mgongo, akapiga magoti katika suti yake ya arusi, akapiga makofi taratibu na kusema, "Eyo vidye, Mama," maneno ambayo kwa Kiluba unamjibu nayo chifu. Ule mkono ukabaki hewani. Mama Numbi alisema, "Amekatala mukono yangu mbele ya bantu." Metre alisema, "Minamupa heshima yote minakuwa nayo." Basi huyu akaapa kutopika kuku mpaka mkono wake ushikwe, na yule akaapa kutoshika mkono mpaka kuku apikwe. Miaka ikapita. Watoto wakazaliwa, wakaanza shule, na bibi yao na baba yao hawajaonana usoni.

Mwaka ninaousimulia nilikuwa nimerudi kutoka Lubumbashi na digrii yangu ya sheria, nimevaa visigino na kujiona. Metre ndiye pekee aliyekubali kunichukua kama stajere, mwanafunzi wa kazi. Biro yake, yaani ofisi, ilikuwa chumba kimoja chenye milango miwili: mmoja ulitazama barabara, wa watu wa kesi, na mwingine ulitazama uwanja, wa watu wa mapipa. Vitabu vyake vya sheria vilikuwa na alama za vidole vya mafuta. Ukitaka kujua kifungu anachokipenda, ulitafuta ukurasa wenye madoa. Siku ya kwanza nilimuuliza kwa nini wakili anauza mazutu. Hakukasirika. Alikuwa anajaribu mafuta mapya, amemwaga kidogo katika kiganja, anasugua, anapuliza, ananusa. "Mamzele," alisema, yaani binti kwa Kifaransa, na tangu siku hiyo hakuniita kwa jina lingine, "avoka mwenye kuishi kwa kesi tu atajifunza kupenda bugomvi. Mi naogopa nisipende bugomvi. Njo maana nauzisha mazutu." Nilifikiri anatania. Nilielewa baadaye, nilipomwona akiwaambia watu waliokuja na kesi nono warudi nyumbani wakapatane, huku mawakili wengine wa mji wakimcheka kwamba anajikata tumbo mwenyewe.

Na aliwapatanisha kwa njia yake. Akiwa na ndugu wawili wanaogombania shamba, baada ya maneno yote kusemwa, alifunga vitabu na kumwita mkewe. Mama Beatrisi alileta bukari moja kubwa, sombe ya majani ya muhogo, na bitoyo, wale samaki wa chumvi, na kuwaweka wale mahasimu mbele ya sahani moja. Metre alisimama mlangoni akiwatazama. "Kesi ya bandugu haiishi ku tribinali," alisema. "Inaisha ku sahani. Mukule." Nakumbuka wazee wawili kutoka njia ya Kabondo-Dianda, hawajasemezana tangu mama yao afe, wakikata matonge kwa hasira, hasira, mpaka mmoja akamsogezea mwenzake kichwa cha samaki kwa sababu alikumbuka anakipenda. Metre alitoka nje, akajifanya anahesabu mapipa. Mimi niliyekuwa na digrii kichwani nilijisemea kwamba huko Lubumbashi hawakunifundisha somo hili.

Kazi yangu mimi ilikuwa kubeba maneno. Upande mmoja ukikataa kumwona mwingine, mimi nilitumwa. Na hapo alikuwa mkali kweli. "Neno ya muntu iko sawa na mazutu," aliniambia. "Ukiongeza maji, machine ya mwenyewe inakufa, na weye hauko hapo ya kuona. Usiongeze. Usipunguze. Hata kama neno iko mubaya, ifikishe mubaya." Kamina nzima ilijua kwamba mazutu ya Metre haina maji, na wenye mashine za kusaga mahindi walipanga foleni kwake hata mafuta yalipokuwa rahisi kwingine. Sikupenda kila kitu chake, nisidanganye. Alinikataza suruali. Alikuwa na mawazo juu ya wanawake ambayo yalinifanya nirudi nyumbani nikitukana njia nzima. Lakini alinipa kesi za kweli, alinisikiliza mpaka mwisho, na nikimpinga kwa hoja nzuri alipiga meza, akasema, "Vwala! Umesema bila maji."

Mwaka huohuo wazee wa vijiji na machifu walimjia wakamtaka awanie useneti. Walitaka mtu wa kusimama Kinshasa na kusema kwamba ardhi waliyozikwa babu zetu haiuzwi kwa karatasi iliyotiwa saini hotelini, na kwamba desturi si takataka ya kufagiwa. Wakati ule jimbo letu lilikuwa bado halijagawanywa, na maseneta walichaguliwa na madepite, wabunge wa jimbo, huko Lubumbashi. Madepite wa upande wetu walikuwa wachache, wapinzani wengi, na kura moja ilikuwa kitu. Sasa sikiliza: mmoja wa madepite waliochaguliwa Kamina mwaka ule alikuwa mwalimu mstaafu, mwanamke, Mmetodisti, Mama Numbi mwenyewe. Yoo! Mji ulicheka mpaka ukashika mbavu. Mkwe anatafuta kura, na kura iko mkononi mwa mama-mkwe ambaye hawezi hata kumtazama.

Kila kandida, yaani mgombea, alikwenda kumwona Mama Numbi kwenye nyumba ya wageni ya misioni alikokuwa akikaa. Mfanyabiashara mmoja tajiri, mpinzani mkubwa wa Metre, alimshika mikono yote miwili, akainama, akapigwa picha. Picha ile ilizungushwa sokoni. Papa Silva, msimamizi wa depo aliyejifanya mkuu wa kampeni, aliileta biro na kuibwaga mezani. Nilikuwa kwenye mashine ya kuandika, nikaendelea kugonga huku masikio yameniinuka. "Metre, angalia! Mukono tu! Bidole tano!" "Minajua kuhesabu, Silva." "Unashika, unaachilia, unanawa, inaisha." "Na kesho machifu bananiuliza: Metre, ile bukwe unaenda kutetea kule Kinshasa, uliiacha wapi?" "Hawataona!" "Mi nitaona." Papa Silva alizunguka chumba, akashika kichwa. "Basi pigia yeye telefone. Telefone haina uso." Metre alifikiri kidogo, kwa haki yote, kama anavyofikiri juu ya kifungu cha sheria. "Haina uso," alisema, "lakini iko na masikio." Nilicheka mpaka nikaharibu ukurasa.

Kulikuwa na vichekesho vingine. Jumapili baada ya ibada Mama Numbi alikuja kuona wajukuu. Viatu vyake tulivijua wote, ko, ko, ko, juu ya sementi. Siku moja tulikuwa mezani, Metre yuko katikati ya kula, tukasikia viatu. Mtu yule mwenye tumbo lake, anayeogopwa na madereva wote wa barabara ya Zambia, aliruka na kupita mlango wa jikoni na kwenda kujificha nyuma ya mapipa. Mama Numbi akaingia, akaangalia meza, sahani na uma kando yake. "Hii sahani yenye moshi ya nani?" Mama Beatrisi, maskini, alisema, "Ya paka, Mama." "Paka yenu inakula na forcheti?" Watoto walikufa kwa kicheko. Mama Numbi hakucheka, lakini aliisogeza ile sahani, akaifunika kwa nyingine isipoe. Niliona mimi. Kisha akanigeukia: "Weye mwanafunzi wangu. Umuambie paka, mutoto wake wa pili anakohoa, amupeleke ku hopitali." Nilikwenda nyuma ya mapipa nikasema hivyohivyo, na neno "paka" halikubaki njiani. Metre alitikisa kichwa. "Umuambie Mama: kesho asubui. Na wafwako," yaani asante kwa Kiluba. Njo vile ilianza. Mwaka mzima nilienda na kurudi kati ya misioni na depo, nimebeba habari za vikohozi, za shule, za msiba wa shangazi. Yale yalikuwa maneno ya watu wawili wanaojuana vizuri kabisa. Juu ya kura, hakuna aliyesema neno.

Mvua ilizidi, reli ikakatika mahali, na madepite wetu wakaamua kwenda Lubumbashi kwa gari la misioni, jipu. Jipu haitembei kwa maombi, na mazutu safi ilikuwa mahali pamoja tu. Tulijua dereva atakuja. Hatukujua kwamba Mama Numbi angeshuka kwenye jipu barabarani na kuingia uwanjani kwa miguu yake, blauzi nyeupe, mkoba kwapani. Metre alikuwa ametoka tribinali, mahakamani, saa hiyohiyo, bado na robe yake nyeusi, joho la mawakili, anakagua pipa karibu na ukuta. Nyuma yake mapipa, mbele yake mama-mkwe. Pa kukimbilia hapakuwepo. Mtu wa pampu aliachia mpini. Wanawake waliokuja kununua mafuta ya mashine walishusha vidumu chini. Metre akageuka akatazama ukuta, akapiga magoti palepale, katika ule udongo mweusi uliokunywa mazutu ya miaka yote, na robe yake ikatanda chini.

"Mutoto," Mama Numbi aliniita. "Kuya hapa, katikati." Nilikwenda. Nilitazama pipa. Alinyoosha mkono kuelekea ule mgongo. "Umuambie mukono yangu njo huu. Ni uleule wa siku ya ndoa. Ageuke, aushike, na kura ni yake. Bantu bote beko hapa, beko bashahidi." Nilisema neno kwa neno, ingawa zilikuwa hatua chache tu kati yao na kila mmoja alikuwa na masikio. Nyuma ya pipa, Papa Silva alikuwa anafanya ishara kwa mikono miwili: geuka, geuka, geuka! Ningeweza kuomba Mungu wakati ule, ningeomba ageuke pia. Nilimpenda, nilitaka ashinde. Niliwaza: Metre, Mungu hataangalia leo.

Metre akasema akiutazama ukuta, sauti yake ya mahakamani, lakini chini: "Umuambie Mama, miko mu magoti. Tangu siku ya ndoa miko mu magoti. Mukono yake sitaishika leo, sababu leo mukono iko na kura ndani. Kama Depite anataka kunikatala, anikatale, haiko mubaya, ni haki yake. Lakini Mama wangu sitamununua." Sasa ilikuwa zamu yangu, na ulimi ulikataa. Sitamununua! Umwambie mwalimu wako mkuu, mbele ya wale wanawake wa mashine za unga, kwamba mkwe wake anasema hamnunui? Nilitafuta neno laini. Nilikuwa nalo kabisa mdomoni: ningesema hataki kumsumbua. Mama Numbi aliniona ninavyotafuta. Alipokasirika Kiswahili chake kilirudi darasani. "Mjumbe hauawi," alisema. "Sema yote." Nikasema yote. Hata sasa, nikisimama mbele ya jaji na neno zito kinywani, huwa nalisikia lile "sema yote", nami nalisema.

Mkono ulishuka. Mama Numbi aliutazama ule mgongo muda mrefu, kwa sababu mgongo haukatazwi kutazamwa. Mazutu ilikuwa inapanda taratibu katika robe. "Umuambie asimame," alisema mwishowe. "Ile robe haitatakata tena." Kisha akaongeza kwamba jipu inangoja mafuta. "Umuambie Mama, mafuta iko tayari," Metre alijibu, "na iko safi." Mama Numbi akaondoka, ko, ko, ko. Metre hakusimama mpaka tuliposikia jipu inaondoka. Papa Silva alikaa chini ya pipa lake akasema, "Tumekufa. Mama yangu ee, tumekufa." Metre alijipangusa magoti, akaniangalia. "Haukuongeza maji," alisema. "Aksanti, Mamzele." Mimi nilikwenda nyuma ya biro nikalia, kwa sababu nilijua nimembebea mwenyewe neno la kumfanya ashindwe.

Siku za kungoja zilikuwa ndefu. Watu walikaa kwenye depo, redio juu ya dirisha, Mama Beatrisi akipika na hakuna aliyekula. Matangazo yalipokuja, jina la Metre lilitajwa la mwisho, kwa nafasi nyembamba kiasi kwamba kura yoyote ile ingeweza kuwa ndiyo iliyompitisha. Uwanja ulilipuka. Papa Silva alijimwagia maji. Halafu, baada ya kucheza, swali likaanza na halikwisha miaka yote hii: Mama Numbi alimpa au hakumpa? Kura ni siri. Watu wa yule tajiri walisema hakumpa. Wanawake wa mashine za unga walisema alimpa. Kesho yake nilimwambia Metre kwamba ninaweza kwenda misioni kuuliza kwa upole. Alinikatiza. "Kura ya mama-mukwe iko sawa na uso wake, Mamzele. Haiangaliwi."

Huko Kinshasa alikuwa yuleyule. Nilimsikia redioni akiwaambia wakubwa wenzake kwamba wanataka kutunga sheria kwa haraka kwa ajili ya watu ambao hawajakaa nao hata kwenye sahani moja. Alisimamia mashamba ya vijiji mpaka baadhi ya rafiki zake matajiri wakaacha kumpigia simu. Mambo mengine, hasa ya wanawake na urithi, tuligombana, na nilimwandikia maneno marefu makali. Alijibu kila mara, na mara moja alinijibu kwamba nimemshinda, ila hatalisema bungeni. Nilipoapishwa kuwa wakili kamili alinipa ile robe. Ilikuwa na madoa mawili makubwa mahali pa magoti. "Haikutakata," alisema. "Mama alisema kweli." Na kila Metre aliporudi Kamina, Mama Numbi alipita barabara ile, na yeye aliingia nyuma ya mapipa, mzee sasa, akiburuta mguu. Kuku hakupikwa. Mkono haukushikwa. Tulizoea.

Ndiyo maana vijana wale walinong'ona, na ndiyo maana kilio kizima kilinyamaza gari la misioni liliposimama langoni. Mama Numbi ameshakuwa mzee sana. Wajukuu wawili walimshika huku na huku, na wa tatu alikuja nyuma na kitu kilichofunikwa kitambaa cheupe. Viatu havikulia, siku hizi anavaa kandambili. Mtu wa protokole aliyekuja na sanduku kutoka Kinshasa, ambaye hakujua chochote, akafungua kifuniko upande wa uso na kusema kwa adabu, "Mama aanze kumuaga." Mama Beatrisi alisimama. Mama Numbi alitembea mpaka karibu na sanduku, macho chini. Na hapo, yule aliyetuchapa kwa mambo ya zamani, aligeuka. Alimpa mkwe wake mgongo. Akasema, "Munishushe." Wajukuu wakamshusha, magoti yake yakagusa udongo uleule, naye akapiga makofi taratibu.

"Mamzele iko wapi?" aliuliza. Hakuwahi kuniita hivyo. Lile lilikuwa jina la Metre. Nilivua miwani, nikafuta uso kwa mkono wa ile robe yenye madoa, niliyoivaa kumzika, nikaenda. "Kuya hapa, katikati," alisema. "Umuambie mukwe wangu: kura nilimupa." Uwanja ulivuma kama mvua ya mbali, kisha ukatulia. "Haikukuwa juu ya binti yangu. Nilitaka muntu moja kule Kinshasa mwenye hageuki sababu tu banamunyooshea mukono. Umuambie pia, kuku nimepika. Nimepika mwenyewe. Nimechelewa, lakini njo hii." Mjukuu alifunua kitambaa, na harufu ya kuku ilipita juu ya harufu ya mazutu. Mimi nikaligeukia sanduku. Alikuwa amelala na uso wake mpana, amekaza midomo kidogo, kama mtu anayesikiliza hoja. Nilimwambia yote, neno kwa neno. Sikuongeza. Sikupunguza.

Mama Numbi alikuwa bado amepiga magoti, mgongo kwa sanduku, anangoja. Katika mwaka wetu ule nilikuwa siendi bila kurudi na jibu. "Amejibu nini?" aliuliza.

Watu wote walinitazama. Nilimtazama Metre, nikamwomba msamaha moyoni, kwa kuwa tangu aniambie neno ni mazutu sijawahi kuweka tone la maji katika neno la mtu.

"Amesema: Eyo vidye, Mama."

"Hakuongeza kitu?"

"Hapana, Mama. Hakuongeza."

Alitikisa kichwa, akawapa wajukuu mikono wamwinue. "Basi mulete sahani," alisema. "Bantu bakule."